Begi la Rwenzori: vitu ambavyo usimpe mpagazi akubebee

Kila ikikaribia mwezi wa sita simu yangu inajaa meseji za aina moja, mtu yuko Nairobi, mwingine Kampala, mwingine Goma au Mwanza, wote swali ni lile lile, ndugu nataka kupanda Rwenzori, nibebe nini? Huwa nawajibu mmoja mmoja kwa voisi mpaka koo linakauka. Leo nimeamua niandike hapa mara moja, tena kwa Kiswahili, maana maelezo mengi ya huu mlima yameandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watu wenye maduka ya vifaa vya milimani karibu na kwao, na sisi wa huku tunanunua vitu vyetu soko la Owino kule Kampala au kwenye soko la Kasese, kwa hiyo shida zetu ni nyingine.

Mimi ni wa Kilembe, chini ya mlima karibu na Kasese, nilianza kama mpagazi ndo nikaja kuwa mwongozaji, kwa hiyo haya mabegi nimeyabeba na pia nimesimama pembeni nikiangalia wenyewe wakiyapekua usiku kwa tochi. Na kama kuna kitu kimoja nataka ukishike kwenye haya maneno yote ni hiki, begi lako dogo la mgongoni ndo begi lenyewe. Lile kubwa anakwenda nalo mpagazi, utalikuta kambini. Lile dogo ndo uko nalo saa ambayo mlima unabadilika.

Watu wengi wanafanya kinyume. Begi kubwa wanalipanga wiki nzima, wananunua hiki na kile, halafu asubuhi ya kuondoka kwenye begi dogo wanatupia chupa ya maji, simu na biskuti basi. Sasa mpagazi wa kwetu anatembea haraka, amezaliwa kwenye hii miteremko, akishaweka mzigo kichwani au mgongoni utamuona dakika kumi za mwanzo halafu basi, mpaka kambini. Akifika mapema ndo vizuri kwako, utakuta mahali pa kulala pako tayari, lakini glavu zako, jaketi lako la mvua na dawa zako zimeshafika na wewe bado uko katikati ya matope.

Hii sheria si ya Rwenzori peke yake. Kule Kanada na Marekani kuna watu wanapanda milima kwa pikipiki za theluji, zile mashine zenye ski mbele na mkanda wa mpira nyuma, wanapita kwenye theluji inayomeza mtu kiunoni. Mashine yenyewe ina nafasi ya kufungia mizigo nyuma, lakini waliofundishwa vizuri hawafungi huko vifaa vya uokoaji. Kile kifaa cha redio cha kutafutia aliyefukiwa wanakivaa mwilini chini ya jaketi, na koleo na ile fimbo ndefu inayokunjwa ya kuchomea theluji vinakaa kwenye begi la mgongoni. Sababu ni rahisi tu, poromoko la theluji likikuangusha mashine inaenda kwake na wewe unaenda kwako, na mwenzako akifukiwa uwezekano wa kumtoa akiwa hai unashuka haraka sana baada ya dakika kama 10 hadi 15. Huna muda wa kwenda kuitafuta mashine ilipo ndo upate koleo. Kwetu hatuna hayo maporomoko makubwa, koleo usihangaike nalo, lakini akili ni ile ile, kinachookoa maisha kikae mwilini kwako.

Kwa wasioujua mlima niseme kidogo. Rwenzori iko mpakani mwa Uganda na Congo, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na kilele cha juu kinaitwa Margherita, kwenye mlima Stanley, mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Ni hifadhi ya taifa tangu 1991 na UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 1994. Juu kuna theluji na barafu ya kweli. Mwaka 1906, ule msafara wa Waitaliano ulipofika kileleni mara ya kwanza, barafu ilikuwa kama kilomita 7 za mraba, sasa hivi haifiki hata kilomita 1. Inaniuma sana hii, wazee wetu walikuwa wanaiona nyeupe kutoka huku chini na watoto wangu wanaitafuta kwa macho. Lakini usije ukasema basi kama imeyeyuka hakuna baridi. Iliyobaki ni ngumu, ina nyufa, na bila vifaa vya barafu hupiti.

Kinachowadanganya watu ni Kasese. Mji uko chini, mita kama 1,000 hivi, jua la kule linachoma, unashuka kwenye basi jasho linatiririka, unaangalia jaketi ulilobeba unaona kama umepoteza hela. Sasa piga hesabu, kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Ukitoa Kasese saa nane mchana nyuzi 30, ukienda Margherita umepoteza kama 25, na hiyo ni mchana. Usiku kule Elena, kambi ya mwisho kabla ya barafu, mita 4,541, maji ya kwenye sufuria yanaganda.

Na mvua. Jamani mvua. Wengine wanauliza nisije msimu wa mvua, nawaambia ndio, njoo mwezi wa sita mpaka wa nane au kuanzia katikati ya Desemba mpaka Februari, hiyo ndo miezi mizuri, lakini hata kwenye miezi mizuri mvua itakupiga tu. Sisi wa Kilembe hatuichukulii poa, mto Nyamwamba ulitufurikia 2013 na tena 2020, nyumba zikaenda, kwa hiyo nikisema mvua ya huu mlima naongea kitu ninachokijua.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye begi ni jinsi ya kulizuia maji. Lile koti la begi, lile la kufunika kwa juu, ni zuri kwa manyunyu tu. Mvua ya masaa manne mfululizo inaingilia mgongoni, kati ya begi na mgongo wako, inapita kwenye mishono, inakusanyika chini mahali slipingi begi lilipo. Njia ya uhakika ni ndani. Nunua mifuko mizito ya takataka, ile mikubwa myeusi, chukua miwili, ingiza mmoja ndani ya mwingine halafu uweke ndani ya begi kama bitana, vitu vyote viingie humo, toa hewa kwa kukandamiza na goti, zungusha mdomo wa mfuko mpaka ubane, kunja, funga na mpira. Nimeona begi likitoka kwenye maji ya mto na ndani nguo kavu kabisaa kwa sababu ya hiyo mifuko miwili. Slipingi begi na nguo za kulalia nazo zipate mfuko wao wenyewe ndani ya huo mkubwa. Hizo nguo za kulalia ni za kulalia tu, hata uloe vipi mchana usizivae kutembelea, kesho yake asubuhi utavaa tena zile zilizoloa, ni mateso ya dakika kumi tu, ukishaanza kutembea mwili unapata joto. Ukizilowesha za kulalia ndo umekwisha, hakuna pa kuzikaushia kule juu, ukungu kila saa. Na hiyo mifuko urudi nayo chini yote, mlimani usiache hata ganda la peremende.

Sasa twende kwenye begi dogo lenyewe, lita 25 mpaka 30 inatosha. Kwanza kabisa jaketi la mvua na suruali ya mvua, vikae juu kabisa, mahali mkono unafika bila kupekua. Ponjo, lile shuka la mvua la kuvaa kichwani, peke yake haitoshi kwa sababu upepo ukianza kule juu linapeperuka mpaka linakufunika uso na huoni unapokanyaga. Halafu kitu kimoja cha joto kikavu, sweta la flisi au la sufu, limefungwa kwenye kaveera yake, yaani mfuko wa plastiki. Kofia ya sufu. Na glavu pea mbili, narudia, pea mbili.

Hapo kwenye glavu wacha nisimulie kidogo. Tulikuwa tunatoka kambi ya Bujuku kupanda kwenda Elena, ile njia inayopita kwenye bonde la ile mimea mikubwa ya senesio yenye majani kama kabichi juu ya shina, asubuhi kulikuwa na jua kabisa. Kulikuwa na dada mmoja wa Eldoret, mtu mwenye nguvu, mkimbiaji, alikuwa mbele ya wote. Saa tano ukungu ukashuka, mvua ikaanza, ikageuka mvua ya mawe, halafu theluji ya majimaji. Akatoa glavu zake, za pamba zile za kuendeshea boda, baada ya robo saa zimeloa zinachuruzika. Zile nzito ziko kwa mpagazi, na mpagazi yuko Elena anachemsha chai. Nikamuona anasimama, anashika zipu ya jaketi anataka kuifunga mpaka shingoni, vidole vinateleza, anajaribu tena, vinateleza, akaanza kuivuta kwa meno. Nilimfunga ile zipu mimi mwenyewe, nikampa pea yangu ya akiba, nikamwambia mikono iingie kwapani kwanza kabla ya glavu. Yule hakuwa mlegevu hata kidogo. Mikono ikipoa damu inakimbilia katikati ya mwili kulinda moyo, vidole vinabaki kama vya mtu mwingine, na ukishafika hapo huwezi kufungua begi, huwezi kufunga kamba, huwezi hata kumenya peremende. Ndo maana pea ya pili inakaa kwenye begi lako dogo, kavu, na moja kati ya hizo pea iwe ya kuzuia maji.

Baada ya hayo mavazi weka tochi ya kichwani na betri za akiba, hata kama siku hiyo mmepanga kufika saa tisa mchana. Giza la kwetu linaingia haraka, ikweta hii, saa mbili usiku ni giza totoro, na mtu mmoja akiumia kifundo cha mguu saa nane basi kundi lote litafika usiku. Weka filimbi, ifunge kwenye mkanda wa begi karibu na mdomo. Ukungu ukiwa mzito sauti ya mtu haiendi mbali ila filimbi inakwenda, na ishara ya milimani ya kuomba msaada ni mapigo 6 kwa dakika, unapumzika dakika moja, unarudia. Anayekusikia anajibu mapigo 3. Weka na lile blanketi la foili linalong'aa, linakunjika kama leso, halina uzito, na mtu akikaa chini anasubiri msaada linamzuia asipoteze joto lote kwa upepo.

Nguo, hapa nitasema haraka maana wengi siku hizi wanajua, ila jinzi bado naziona. Tafadhali, jinzi hapana. Pamba ikiloa inakaa na maji na inakunyonya joto, jinzi iliyoloa inakuwa nzito, inakukwangua mapajani, na haikauki mpaka urudi Kasese. Fulana za pamba nazo ziache. Nenda Owino sehemu ya mivumba, yaani mitumba, ya michezo, tafuta fulana za mpira wa miguu au za kukimbilia, zile laini za polyesta, ni nyepesi na zinakauka mwilini. Huko huko ukivumilia kupekua utapata sweta za sufu halisi na jaketi za flisi nzuri kuliko mpya za dukani. Namna ya kupima jaketi la mvua la mivumba, ligeuze ndani nje, angalia ile mikanda myembamba iliyobandikwa juu ya mishono, kama imeanza kubanduka achana nalo. Halafu mwagia maji kidogo begani, pulizia kwa ndani, ukiona unyevu unatokeza, achana nalo. Jaketi la manyoya ya bata ni zuri sana la kukalia kambini, lakini likiloa linashikana, linakosa kazi, kwa hiyo usilitembelee kwenye mvua.

Miguu sasa. Huu mlima ni wa gambuti, zile buti ndefu za mpira. Wageni wanakuja na mabuti ya laki kadhaa, wanafika bonde la matope la Bigo, kwenye njia ya mbao, wanakanyaga pembeni ya mbao wanazama mpaka gotini, maji yanaingia kwa juu na buti haikauki tena safari nzima. Gambuti unazipata Kasese au unakodi kwa kampuni iliyokupeleka, lakini uzipime vizuri. Vaa soksi mbili, moja nyembamba na moja nzito ya sufu juu yake, ndefu kupita mdomo wa gambuti maana ule mdomo unakata ngozi ya shavu la mguu. Kisha piga kwa nguvu ncha ya gambuti ukutani. Kidole kikigusa mbele, omba saizi nyingine, kwa sababu siku ya kushuka kutoka kwenye kipito cha Freshfield utakuwa unapiga hivyo hivyo saa nzima na kucha zitakuwa nyeusi. Kata kucha siku mbili kabla. Weka soli laini ya ndani. Na soksi kavu pea moja iwepo kwenye begi dogo kila siku, saa ya chakula cha mchana ukibadilisha utaniombea dua.

Ila gambuti zinaishia kambi ya mwisho. Kwenye barafu unahitaji buti yenye soli ngumu ambayo kramponi, vile vyuma vya meno vya kufunga chini ya buti, zinakaa, na hilo buti libebwe kavu kwenye mfuko wake mpaka Elena, au Margherita Camp kama umepitia kwetu Kilembe. Kramponi, shoka la barafu, hanesi (mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba), helmeti, vingi vinakodiwa huku huku. Nakuomba kitu kimoja, vijaribu chini kabla ya kuondoka. Vaa buti, funga kramponi, tingisha mguu, tembea kwenye majani. Inashangaza mtu amebeba kramponi siku nne halafu saa nane usiku kwenye baridi ndo anagundua ni ndefu kuliko buti na ufunguo wa kuzirekebisha uko Kasese.

Usiku wa kilele begi dogo linabadilika kidogo. Mnaondoka saa nane usiku hivi ili mfike barafu ikiwa bado ngumu. Vaa kila kitu cha joto ila anza kutembea ukiwa na baridi kidogo, ukianza ukiwa na joto baada ya dakika ishirini umeloa jasho, na jasho kule juu ni sawa na mvua. Chupa ya maji igeuze kichwa chini kwenye begi, maji yanaanza kuganda kwa juu, ukiigeuza mdomo unabaki wazi. Zile chupa za mrija ziache kambini, mrija unaganda wa kwanza. Simu na pawabenki viweke kwenye mfuko wa ndani karibu na kifua, baridi inakula betri, unatoka na asilimia 80 unataka kupiga picha kileleni imezima. Usiku uliotangulia vilale navyo ndani ya slipingi begi.

Miwani ya jua ni lazima, tena ya kweli yenye kuzuia mionzi. Ndugu zangu wengi wananiambia sisi ngozi nyeusi jua halitusumbui, sawa, lakini rangi ya ngozi hailindi jicho. Theluji inarudisha mwanga kutoka chini, uko juu ambako hewa ni nyembamba na uko ikweta. Upofu wa theluji hauumi pale pale, unakuja baada ya masaa, jioni macho yanaanza kuwasha kana kwamba kuna mchanga, machozi yanatoka, huwezi kuangalia hata tochi. Sasa mtu wa namna hiyo utamshushaje kwenye mawe? Hata siku ya mawingu vaa. Paka na mafuta ya kuzuia jua puani na mdomoni, midomo inapasuka mpaka kula ni shida.

Dawa zako binafsi zisiende kwa mpagazi kamwe, pampu ya pumu, dawa za presha, za kisukari, hizo zinakaa na wewe. Kuhusu Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, ongea na daktari kabla hujatoka nyumbani, usipewe na rafiki njiani. Na ijulikane kwamba hiyo dawa inasaidia mwili kuzoea, haimruhusu mtu mgonjwa kuendelea kupanda. Kichwa kikiuma, kichefuchefu, usingizi hakuna, mwambie mwongozaji, pumzika, usipande. Ukianza kuyumba kama mlevi, au pumzi inakukatika hata ukiwa umekaa, kushuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kwa sababu wengi tunatoka sehemu za malaria, ukiona homa inapanda usijiambie ni mlima tu, inawezekana umekuja nayo kutoka nyumbani, sema mapema. Ongeza plasta za malengelenge, paracetamol, chumvi za kuongeza maji mwilini, vidonge vya kusafishia maji. Basi, usibebe duka la dawa.

Chakula cha njiani mimi sipendi biskuti, zinavunjika zinakuwa unga. Beba kabalagala (vile vitumbua vya ndizi), karanga za kukaanga, simsim za kuviringishwa na asali, ndizi kavu, chapati moja imekunjwa na yai ndani kwa ajili ya siku ya kwanza. Juu hamu ya kula inapotea, mwili hautaki, kwa hiyo beba kile unachokipenda kweli, na kiweke kwenye mfuko wa mkanda wa kiuno ili ule kidogo kidogo ukitembea. Tangawizi ya unga nayo, kambini chai ya tangawizi inarudisha watu duniani.

Kupanga sasa, begi kubwa slipingi begi chini kabisa, vizito katikati karibu na mgongo, vyepesi pembeni na nje, vya kuhitaji haraka juu. Hata dogo lipange hivyo hivyo, maji yakae karibu na mgongo, na mkanda wa kiuno ufungwe juu ya mfupa wa nyonga, sio tumboni, mzigo unatakiwa kubebwa na nyonga, mabega yanashikilia tu. Begi likikuvuta nyuma, ukiwa kwenye mbao za Bigo utaanguka nyuma.

Na nikiwa hapo kwenye mzigo, mkumbuke anayebeba lile kubwa. Kila kampuni ina kikomo cha kilo kwa mpagazi mmoja, ulizia kabla ya kupaki, ukizidisha lipia mpagazi wa pili, usimbembeleze mtu aongeze "kidogo tu". Nimebeba hizo kidogo tu za watu, nilikuwa nazijua kwenye magoti. Manukato, laptopu, viatu pea tano, spika ya kupigia muziki, viache hotelini Kasese, wanakutunzia. Kama una soksi nzito au glavu za ziada na mwisho wa safari hutazihitaji, wapagazi wengi watazipokea kwa mikono miwili maana baadhi yao wanapanda na nguo nyepesi kuliko za kwako na wao ndo wanatangulia kwenye mvua.

Wale wa mwezi wa saba mnaotaka kukodi buti na kramponi, pigeni simu kwa kampuni zenu sasa hivi mkiwa na saizi ya miguu mkononi, msimu ukishaanza saizi 44 na 45 zinaisha za kwanza. Na begi dogo ukishalipanga lipige picha likiwa limefunguliwa, nitumie, nikiona pea moja tu ya glavu nitakwambia.